Likizo ya Kome

Wanafunzi walimwita Mama Futa, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Ukimpelekea kurasa tatu za maneno ya kisomi kuhusu joto la bahari, alikurudishia nusu ukurasa, na hiyo nusu nayo imechorwachorwa kwa wino mwekundu. Pembeni aliandika neno moja tu: futa. Miaka kumi na minne alikuwa akifanya kazi hiyo katika taasisi ya sayansi za bahari. Aliwachukua vijana wanaojua kila kitu kuhusu chumvi, mikondo na viumbe wasioonekana kwa macho, akawafundisha kuyasema hayo mbele ya muuza mkaa na fundi cherehani bila kuwasinzisha. Si kazi ndogo. Mtu aliyesoma ana tabia ya kuongea kama aliyemeza kabati la vitabu, na kulitoa kabati hilo kooni kunahitaji mkono usio na huruma.

Mkono huo alikuwa nao. Ila tangu mdogo wake afariki, miezi kumi sasa, aliutumia kwa mazoea tu. Aliamka, akaoga, akafundisha, akala alichowekewa, akalala. Watu walimsifu kwa ujasiri, na yeye akawashukuru, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Ujasiri haukuwemo. Ndani yake hamkuwa na kitu chochote, si huzuni wala nafuu. Hakutoa chozi hata siku ya mazishi, na shangazi yake mmoja alilisemea hilo jikoni, tena kwa sauti ya kusikika.

Mdogo wake huyo hakuwa mgeni pale taasisi. Alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti viwili nyuma ya kituo cha mafuta, na kila Alhamisi, siku ambayo wateja walikuwa haba, alikuja kuketi kiti cha mbele kwenye darasa la dada yake. Ujira wake ulikuwa chai. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Mwanafunzi alisimama kueleza utafiti wake, na msusi akipotea njia alipaza sauti: "Nimeshuka!" Hapo mwanafunzi alitakiwa akome, aulize "Umeshukia wapi, dada?" kisha arudi mpaka kwenye neno lile lile akamchukue. Kuna kijana mmoja wa mikondo ya bahari aliyemshusha mara kumi na moja kwa dakika tano. Wenzake walimwita Konda mpaka akahitimu.

Sasa yaliyotokea mwaka jana yaelezwe moja kwa moja, maana kuyazungusha ndiko kulikoleta balaa.

Wakati wa joto, maji ya pwani ile hujaa vijimea vidogo mno vyenye sumu. Kome huchuja maji ili wapate chakula, na sumu hubaki kwenye nyama yao. Wao haiwadhuru, humdhuru anayewala. Maabara ya taasisi ilipima, ikaikuta, na Mkuu wa idara akataka wananchi waambiwe kabla mambo hayajaharibika. Kazi ikaangukia darasa la Mama Futa. Aliyechaguliwa kuzungumza alikuwa binti wa mwaka wa nne ambaye wenzake walimwita Kicheko, kwa sababu angeweza kuichekesha hata foleni ya benki. Aliandika hotuba ya ukurasa mmoja. Katikati yake palikuwa na maneno haya: "Kupika hakuondoi sumu hii. Midomo na vidole vikianza kufa ganzi baada ya kula kome, nenda hospitali hapo hapo, usisubiri."

Mama Futa aliyasoma, akashika kalamu. Futa. Pembeni akaongeza maelezo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake: "Unawatisha. Mtu akitishwa huziba masikio." Wala hakuitunga kanuni hiyo kichwani; imo vitabuni, na yeye mwenyewe ameshaitetea kwenye mikutano akapigiwa makofi. Mahali pa maneno yale waliweka mengine, mwalimu na mwanafunzi wakicheka pamoja ofisini: "Tuwape kome likizo ya wiki sita, kuanzia Jumatatu! Wametulisha mwaka mzima, maskini, nao wapumzike!"

Ukumbi wa soko ulijaa pomoni siku ile ya Jumamosi. Kicheko aliwavunja watu mbavu. Lakini kwa kuwa hakuna aliyewaambia waziwazi kwamba nyama ile inaua, wasikilizaji walielewa walichoweza kuelewa: kome wanaachwa wazaliane, likizo inaanza Jumatatu, na leo ni Jumamosi. Kwa hiyo bora wale leo, wawaage. Kome waliuzwa siku hiyo kuliko siku yoyote ya mwaka. Msusi, aliyekaa safu ya mbele na kucheka kuliko wote, alinunua beseni dogo, akampelekea mumewe fundi viatu awachemshe, maana yeye alikuwa na mteja anamsubiri na nyumba yao haikuwa na kazi za mume na kazi za mke. Alikula mchana. Saa kumi na moja jioni alikuwa amekufa. Watu wengine wanne walilazwa, wakapona.

Fundi viatu hali kome. Humvimbisha uso tangu utotoni, na mtaa mzima unajua. Lakini mtaa ukitaka la kusema, unachokijua hukisahau. "Kapika yeye, hakula yeye." Maneno yakaanzia hapo. Wenye huruma walisema ni uzembe, hakuwaivisha. Wasio na huruma walisema wale wanne wamepona, huyu hakupona kwa sababu kuna kitu alitia. Mama mzazi wa marehemu alimwambia mbele ya watu asikanyage tena kizingiti chake, na wajukuu wawili akawachukua yeye. Taasisi ilibandika tangazo kwenye ubao wake, kwamba kiwango cha sumu ya kibayolojia kimevuka ukomo unaokubalika. Hilo lilisomwa na mlinzi wa getini, naye hakulielewa.

Kupika hakuondoi sumu hii. Maneno manne tu, na mtu mmoja katika familia ile aliyajua. Mtaalamu wa kusema, hakusema. Mwanzo alijiambia msiba ni mbichi. Baadaye akajiambia watu watasahau. Ukweli ni kwamba kuyasema maneno yale ni lazima kuulizwa kwa nini hayakusemwa siku ile, na nyuma ya swali hilo kulikuwa na jingine ambalo hakuna aliyelijua kabisa. Saa nane mchana, siku ya kifo, mdogo wake alimpigia simu. "Dada, midomo yangu imekufa ganzi, na vidole pia. Yule binti wako kanichekesha mpaka midomo imegoma!" Mama Futa alikuwa katikati ya wenzake wanampongeza, kikombe mkononi. Alicheka. Akasema, "Pumzika, tutaongea kesho." Maneno yenyewe alikuwa ameyasoma siku tatu kabla na kuyapiga mstari kwa mkono wake, lakini kichwani hayakugongana na aliyoyasikia. Yaligongana saa kumi na moja na robo, alipopigiwa na shemeji.

Basi mwaka ukazunguka, joto likarudi, na Jumatatu moja Mkuu wa idara akamwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupanga na kupangua kalamu mezani anapokuwa na jambo zito.

"Matokeo yametoka. Vile vijimea vipo tena, na safari hii ni vingi zaidi," alisema. "Ukumbi tumeuchukua Jumamosi. Lakini kama unaona ni vigumu, nitampa mtu mwingine."

"Hapana, nitafanya," alijibu Mama Futa.

"Una hakika? Pale pale ukumbini..."

"Ukumbi ni ukumbi tu, Mkuu."

Mkuu alimtazama, akarudisha kalamu kwenye kopo. Mama Futa alitoka akaenda kupiga fotokopi za ratiba.

Alhamisi darasa lilikuwa na wanafunzi saba. Sita walikuwa wapya. Wa saba alikaa nyuma kabisa karibu na feni mbovu, na huyo alikuwa Kicheko. Mwaka jana alipewa alama tisini na moja, juu ya karatasi, kabla ukumbi haujamaliza kutoka watu. Baada ya wiki moja aliiandikia ofisi barua kuomba alama hiyo ifutwe na arudie somo. Ofisi haikuwahi kuona barua ya namna hiyo. Kwa kawaida watu huomba kuongezewa. Sasa alikuja kila Alhamisi, akaandika kila kitu, na jina lake la utani likabaki halina kazi. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Hakuna aliyekiondoa na hakuna aliyekikalia.

Kijana mmoja mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likameta, alitoka mbele. Alikuwa amerithi slaidi kwa waliomtangulia. Kwenye ukuta akatokea kome wa kuchora, amevaa miwani ya jua na kofia pana.

"Ndugu zangu, mnajua kwamba kome naye huchoka?" alianza, akasubiri kicheko.

Hakikuja. Waliojua waliangalia meza. Wasiojua waliangalia waliojua. Mama Futa alimtazama yule kome wa ukutani akisubiri kuhisi kitu, na alipoona hakiji, akasema, "Futa."

"Nifute sentensi ipi, Mwalimu?"

"Yote. Na picha."

"Sasa nianze na nini? Mwalimu ndiye aliyetufundisha tuanze na jambo la kuchangamsha."

Lilikuwa swali halali. Miaka kumi na minne Mama Futa alikuwa amefundisha cha kuondoa, si cha kuanzia. Nyuma, karibu na feni, mkono uliinuka.

"Ule mstari wa mwaka jana, Mwalimu," alisema Kicheko. "Unarudi au haurudi?"

"Upi?" aliuliza Mama Futa, na hapo alijiona mwongo waziwazi, kwa jinsi neno lenyewe lilivyotoka haraka.

"Mwalimu anaujua."

Darasa lilipotoka, Kicheko alibaki akikusanya vitabu vyake polepole, kwa namna ya mtu anayesubiri kuitwa. Hakuitwa. Akaja mwenyewe mpaka mezani.

"Sijamwambia mtu," alisema. "Hata nyumbani. Wanadhani niliusahau."

"Kwa nini hujasema? Ungejitetea."

"Si mimi niliyeufuta. Siwezi kuurudisha mimi." Alivaa mkoba begani. "Jumamosi sitazungumza, Mwalimu, msinipange. Nitakuja kupanga viti. Lakini mkifika mwisho na haujasemwa, nitausema huko huko nyuma nikiwa nimebeba kiti. Nakuambia mapema usije ukashtuka."

"Sawa," alisema Mama Futa. Hakukasirika. Aliona binti ana haki, kama anavyoona mvua inanyesha, akafunga mlango wa darasa.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa fundi viatu. Banda lake lilikuwa la mabati, limebanana kati ya duka la vioo na mashine ya kusaga, na zamani usingepata pa kukanyaga kwa viatu vya watu. Siku hiyo kulikuwa na jozi nne. Watu hawapendi kuweka miguu yao kwa mtu wanayemsema. Fundi alikuwa anapiga soli, misumari midomoni, akaitema mkononi alipomwona.

"Karibu, shemeji! Karibu, kaa." Alipangusa kiti kwa aproni. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Yule mkubwa meno yanang'oka."

"Ya mbele?"

"La juu limetoka jana."

Fundi alitabasamu, akalifikiria lile jino. Miezi kumi alikuwa hajaingia nyumba wanamolala watoto wake. Aliwaona siku moja moja getini mwa shule, saa saba, dakika tano. Mama Futa aliishi na mama yake na hao watoto chini ya paa moja. Aliwaogesha yeye. Alikuwa amekuja na maneno manne, ameyapanga njia nzima, na sasa akatazama misumari kwenye kiganja cha shemeji yake na kungoja yatoke.

Fundi ndiye aliyetangulia. "Shemeji, nataka kukuuliza kitu, na usinifiche, wewe ni mtu wa sayansi." Aliinama, akashusha sauti ingawa mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma. "Niliwachemsha dakika ishirini. Niliangalia saa ya ukutani kwa sababu yeye alisema, usiwaache wakawa mpira. Ishirini. Kila siku nafanya hesabu hiyo. Nikiweka sufuria ya ugali naangalia saa, naona ishirini ni ndefu kweli. Halafu usiku naona ni fupi. Zilikuwa chache? Ningewaacha nusu saa, angekuwa mzima?"

Swali lenyewe lilikuwa limekuja na jibu lake mkononi. Hapakuhitajika hata ujasiri. Kumjibu tu kungetosha. Mama Futa alisikia mashine ya kusaga, akasikia mtu anasema duka la pili kwamba kioo hicho kimepasuka, na akasikia sauti yake mwenyewe.

"Sijui, shemeji."

Fundi alitikisa kichwa kwa adabu. "Basi. Hata nyinyi hamjui yote." Akarudisha misumari midomoni. Kabla hajaondoka, Mama Futa alimwambia kuna mkutano Jumamosi ukumbi wa soko, aje. Akasema atakuja. Hakuuliza wa nini.

Huyu ni mtu wa namna gani, utauliza. Mbaya? Wabaya wanajua wanachofanya na wanafaidi kidogo. Huyu hakufaidi kitu. Alitembea kurudi nyumbani akijua kabisa alichokifanya, hatua kwa hatua, na mwili haukumpa hata aibu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakusema ni mwepesi kiasi gani iwapo mwenzio anaubeba kwa ajili yako na hajui. Nyumbani alimkuta mama yake anamsuka mjukuu wa kike, vibaya, maana mikono ya kusuka katika familia ile ilikuwa mikono ya mwingine.

"Mama, Jumamosi twende wote sokoni. Kuna mkutano wa taasisi."

"Wa vichekesho tena?"

"Hapana, mama."

"Naye atakuwepo?"

Katika nyumba ile "naye" alikuwa mtu mmoja tu. "Nimemwalika," alisema Mama Futa.

Mama aliachia msuko nusu. "Mimi nitakaa mbele. Yeye akae anakojua."

Jumamosi ukumbi ulijaa tena. Wauza kome walikuja na ndoo zao kwa sababu soko lilikuwa mlango wa pili, wakaziweka chini ya viti. Kicheko alipanga viti mia moja na ishirini bila kusema neno, kisha akasimama ukutani. Mama mzazi alikaa safu ya mbele na mkoba magotini. Fundi viatu alifika mwisho, amevaa shati la kufungia vifungo mpaka shingoni, akakaa karibu na mlango, na viti vitatu vya kila upande wake vikabaki vitupu.

Mkuu wa idara alifungua. Alisema kuhusu ongezeko la viumbe hai vya planktoni na athari zake kwa mnyororo wa chakula. Watu waliisikiliza heshima yake, si maneno yake. Kisha akamkaribisha yule kijana mrefu, ambaye alikuwa amekaa siku mbili anaandika na kufuta na sasa alikuwa na karatasi yake mkononi. Mama Futa alinyanyuka, akamgusa bega, akamwambia "Kaa, mwanangu," akachukua kipaza sauti yeye.

Hakuwa na karatasi. Alitazama ukumbi, akaona nyuso, akaanza kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitia mahudhurio.

"Msile kome. Kuanzia sasa hivi, si Jumatatu. Wana sumu inayoua. Haionekani, hainuki, maji yanaweza kuwa masafi na bado imo. Na kupika hakuondoi sumu hii. Mtu akila, midomo na vidole vikaanza kufa ganzi, mpelekeni hospitali hapo hapo, msisubiri."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, kwa kuzoea, akajikohoza.

"Mwaka jana hamkuambiwa hivyo. Yule binti aliyewachekesha alikuwa ameyaandika maneno haya haya. Mimi ndiye niliyeyafuta, nikaweka likizo. Karatasi ninayo, ina mwandiko wangu. Mdogo wangu alikuwa amekaa pale." Alionyesha, na waliokaa pale wakasogea. "Alinunua kome hapo nje, akala. Akanipigia simu saa nane, akaniambia midomo imekufa ganzi. Nilikuwa najua maana yake, nilikuwa nimeisoma. Nilicheka. Nikamwambia tutaongea kesho."

Hapo yalikuwa yamekwisha, akashusha kipaza sauti. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja mnene, muuza kome wa siku nyingi, alisimama na kuuliza kilichomhusu: "Sasa hawa waliomo kwenye ndoo yangu?"

"Wamwage, mama. Shimoni, si barabarani, wasije wakaokotwa."

"Na nikiwakausha?"

"Hata ukiwakausha."

"Wiki ngapi?"

"Hatujui. Tutapima kila Jumatatu na tutakuja kuwaambia hapa hapa."

Yule mwanamke alisonya, si kwa Mama Futa, kwa ndoo. Akaiinua, akatoka. Wengine watatu wakamfuata, halafu safu nzima. Huo ndio ulikuwa mkutano bora kuliko yote aliyowahi kuendesha, na hakuna aliyeondoka akitabasamu.

Fundi viatu alikuwa amesimama. Hakuna aliyempa kipaza sauti na hakukihitaji.

"Hata ningewachemsha saa nzima?"

"Hata siku nzima, shemeji."

Alibaki amesimama. Akafunika mdomo kwa mkono, mkono wenye gundi nyeusi kwenye kucha. Kisha, mbele ya wote waliobaki, mama mzazi akainuka safu ya mbele na mkoba wake. Alitembea ule ukumbi polepole, maana goti moja humsumbua, akavipita viti vitupu mpaka alipofika kwake. Hawakukumbatiana. Alimshika kiwiko.

"Twende nyumbani, baba," alisema. "Watoto watarudi tuisheni saa saba. Mkubwa kang'oka jino."

"Najua, mama. La juu."

Walipofika mlangoni walimkuta Mama Futa ameshatangulia hapo, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kusimama. Mama yake alimtazama kwa muda mrefu. Angemtukana ingekuwa nafuu, na wanaomjua bibi yule wanajua matusi anayo. Badala yake alitazama barabara. Aliyesema alikuwa fundi, kwa upole, kama anayemkumbusha mtu kiatu alichokisahau bandani.

"Alhamisi nilikuuliza, shemeji."

Ndipo ilipouma. Ilimjia kwa mpigo mmoja, huzuni ya miezi kumi yote, na alilazimika kushika fremu ya mlango. Alitaka kusema nisamehe. Wao walikuwa wameshashuka ngazi, mama akiwa bado ameshika kiwiko cha mkwewe, wanavuka barabara mguu kwa mguu.

Aliwaacha watangulie, analia kwa sauti sasa, na Kicheko alikuja akasimama karibu naye na kiti mkononi, asijue akiweke wapi. Mama Futa alijipangusa kwa kiganja, akashuka ngazi kuwafuata. Ilibidi. Ufunguo wa nyumba alikuwa nao yeye, na wangefika wakasimama nje.